Mchezo mahali pa kazi: ni zawadi ao ni chambo?

Katika miji yetu, na hata katika vituo vidogo vya kazi, imeingia desturi ambayo inafaa tuitafakari. Wakubwa wa kazi wanasema kwamba haitoshi wafanyakazi wakutane kwa kazi na kwa mshahara tu. Yafaa pia wacheze pamoja. Basi kompani moja inaunda ekipe ya mpira na kuinunulia viatu na mavazi. Nyingine inaweka siku moja kila mwaka, ambapo makarani wanavuta kamba kushindana na mafundi, na direkta mwenyewe anakimbia ndani ya gunia mbele ya watu wote. Nyingine tena inahesabu kazi ya kila mtu kwa alama, kama katika mashindano, na mwisho wa mwezi mwenye alama nyingi anapewa zawadi na kupigiwa makofi. Wanasema: watu wakicheza pamoja watapendana, na wakipendana kazi itaendelea vizuri.

Neno hili linapendeza masikioni. Lakini sisi tulio wafanyakazi, pamoja na wale kati yetu waliopewa kuwaongoza wenzao, tunapaswa kuuliza: Je, ni kweli? Mchezo huu ni zawadi inayotujenga? Ao ni chambo, kama kile ambacho mvuvi anakitia kwenye ndoana ili samaki asikione chuma?

Kuna watu wa namna mbili wanaojibu upesi mno. Wa kwanza wanasema: mchezo ni wa watoto, mtu mzima na afanye kazi yake arudi nyumbani. Nao wanatuletea methali ya wazee: kazi mbi si mchezo mwema, yaani kazi hata ikiwa mbaya inaupita mchezo hata ukiwa mzuri. Wa pili wanapokea kila kitu bila kuuliza. Mpira umeletwa, vinywaji vimeletwa, basi mkubwa wetu ni mtu mwema na mambo yote ni sawa. Sisi tunaona kwamba wote wawili wanakosa, na tutajaribu kuonyesha kwa sababu gani.

Mtu mzima kucheza si aibu

Tuanze na wale wa kwanza. Katika mapokeo ya Wakristu wa zamani kuna habari juu ya Mtakatifu Yoane Mwinjili. Watu fulani walimkuta akicheza na wanafunzi wake, wakachukizwa, maana walifikiri kwamba mzee mtakatifu kama yeye hawezi kupoteza saa namna ile. Yoane akamwambia mmoja wao, aliyekuwa na upinde mkononi, apige mshale. Akapiga. Akamwambia apige tena na tena. Kisha akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo pasipo kupumzika. Yule mtu akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndipo Yoane akamwonyesha kwamba roho ya mtu nayo ingevunjika kama isingelegezwa hata kidogo.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274, aliikumbusha habari hiyo katika kitabu chake kikubwa cha mafundisho. Akaeleza kwamba mwili uliochoka unapumzika kwa usingizi, na roho iliyochoka inapumzika kwa furaha. Basi kucheza kwa kiasi ni tendo la fadhila, wala si udhaifu. Aliweka mipaka mitatu: mchezo usiwe na jambo chafu ao la kumwumiza mwingine, mtu asipotewe na akili yake yote ndani yake, tena ulingane na watu, na mahali, na wakati. Lakini alisema pia jambo ambalo wengi wetu hatulitazamii. Mtu asiyetaka kucheza kamwe, asiyeleta furaha kwa wenzake, na kuizuia hata furaha yao, huyo naye ana kosa, kwa maana anakuwa mzigo kwa watu anaoishi nao.

Tunawajua wakubwa wa namna hiyo. Kapita wa namna hiyo akiingia, watu wananyamaza, akitoka, wanapumua. Kazi inafanyika, ndiyo, lakini inafanyika kama mzigo unaobebwa na watu wasiojuana. Methali ya wazee ilitaka kumwamsha mvivu, na kwa mvivu inafaa sana. Haikusemwa kwa ajili ya kumnyima pumziko mtu aliyekwisha kutoa jasho lake.

Mchezo unajenga nini?

Sasa tuutazame mchezo wenyewe. Mtu akicheza bao, ambalo wengi kwetu wanaliita kisolo, hakuna aliyemtuma. Amekaa kwa kupenda. Anaweza kuondoka. Lakini akikaa, anafuata sheria: hawezi kuchukua mbegu mahali asipopaswa, hata kama ni mzee wa kijiji na mwenziwe ni kijana asiye na mke. Mambo haya mawili, uhuru na sheria moja kwa wote, ndiyo yanayoufanya mchezo uwe mchezo. Mholanzi mmoja mwenye elimu, Johan Huizinga, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo mwaka 1938, akaonyesha kwamba mchezo wa kuamriwa si mchezo tena. Wachezaji wetu wa kisolo walilijua hilo pasipo kitabu.

Kutoka hapo tunaona faida tatu ambazo mchezo unaweza kuzileta mahali pa kazi.

Faida ya kwanza ni kujuana. Kazi inatupanga kwa vyeo na kwa makabila, hata tusipotaka. Fundi anakaa na mafundi, karani na makarani, na mgeni anabaki mgeni miaka mingi. Jirani zetu wa migodi ya Zambia wanatupa mfano mzuri. Mwaka 1951, katika mji wa Luanshya, mtaalamu Clyde Mitchell aliitazama ngoma iliyoitwa kalela, akaiandikia kitabu kilichotolewa mwaka 1956. Wachezaji walikuwa vijana wa kabila la Wabisa waliofanya kazi mjini pale. Siku ya mapumziko walivaa nguo safi za kizungu, wakawa na mfalme wao, na daktari wao mwenye joho jeupe, na mwuguzi wao, wakaimba. Katika nyimbo zao walijisifu wenyewe na kuwacheka watu wa makabila mengine, na watu wa makabila hayo walisimama pale pale wakitazama na kucheka pamoja nao. Watu waliotoka mbali, wasio na ujamaa wowote kati yao, walipata katika utani njia ya kuishi bega kwa bega pasipo kupigana. Tutazame vema: si kompani iliyowatungia ngoma hiyo. Waliitunga wenyewe.

Faida ya pili ni usawa mbele ya sheria. Katika kiwanja cha mpira, direkta akiushika mpira kwa mkono, mwamuzi anapuliza filimbi, hata kama mwamuzi huyo ni mfagiaji wa biro. Kwa muda wa saa moja na nusu, neno la sheria linapita neno la cheo. Hilo ni fundisho kubwa kwa mkubwa, na pengine kubwa zaidi kwa mdogo, ambaye anaona kwa macho yake kwamba mkubwa anaweza kukosa, na kuambiwa, na asianguke mbingu.

Faida ya tatu ni kujua kushindwa. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Katika kazi tunaogopa sana kukosa, kwa hiyo tunaficha makosa yetu, na kosa lililofichwa katika mgodi ao katika hospitali linaweza kuua mtu. Mahali ambapo watu wamezoea kushindwa mbele ya wenzao, na kucheka, na kujaribu tena, pale pia ni vyepesi zaidi kwa kijana kusema: Kapita, nimekosa, chombo hiki nimekifunga vibaya, tukitazame kabla hakijamwumiza mtu.

Sisi watu wa Katanga hatuhitaji kufundishwa nguvu ya mpira. Mwaka 1939, katika mji ulioitwa wakati ule Elisabethville, Mapadri Wabenedikto wa shule ya Saint-Boniface waliunda ekipe kwa ajili ya vijana wao. Ndiyo iliyokuja kuwa Tout Puissant Englebert, bingwa wa Afrika mwaka 1967 na 1968, na leo tunaiita Mazembe. Mwaka ule ule wa 1939 ilizaliwa Saint-Eloi Lupopo, ekipe ya watu wa reli, ambayo mpaka leo mashabiki wanaiita Cheminots. Ilipewa jina la Mtakatifu Eloi, msimamizi wa wahunzi na wafua vyuma. Mtu aliyeshinda mchana kutwa akifunga misumari ya reli, siku ya Dominika alisimama akapaza sauti kwa ajili ya ekipe ya kazi yake, na jirani yake wa kabila lingine akapaza sauti pamoja naye. Si jambo dogo.

Mchezo ukigeuka kuwa kiboko

Lakini kila kitu chema kinaweza kuharibiwa, na kilicho chema zaidi kikiharibika kinanuka zaidi. Tutoe mifano miwili.

Wa kwanza unatoka katika migodi ya makaa ya Donbas, wakati Ukraina ilipokuwa chini ya serikali ya Kisovyeti. Usiku wa tarehe 31 Agosti 1935 mchimbaji mmoja, Alexei Stakhanov, alichimba tani 102 za makaa kwa zamu moja, ambapo kipimo cha kawaida kilikuwa tani 7. Magazeti yakamsifu, akapewa zawadi, na kila mahali wafanyakazi wakaambiwa washindane kama yeye. Ilionekana kama mchezo mkubwa wa inchi nzima. Lakini yasiyosemwa sana ni haya: usiku ule Stakhanov alikuwa na wenzake wawili nyuma yake, wakitegemeza paa la mgodi kwa miti ili yeye achimbe tu, na makaa yote yakahesabiwa kwa jina lake. Tena mwaka uliofuata, 1936, vipimo vya kazi vikapandishwa kwa watu wote katika viwanda vingi. Mmoja akashangiliwa, na wenzake wakaongezewa mzigo.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Mwaka 2011 gazeti moja la Marekani lilieleza habari za wafua nguo katika hoteli za Disneyland, mjini Anaheim, California. Mahali walipofulia mashuka, wakubwa waliweka vioo vikubwa vya umeme vilivyoonyesha majina ya wafanyakazi na mwendo wa kazi ya kila mmoja, sawa na hesabu ya mabao katika kiwanja, hata kila mtu aone nani yuko mbele na nani amebaki nyuma. Wafanyakazi hawakuuita mchezo. Waliuita mjeledi wa umeme. Sisi ambao wazee wetu walikijua kiboko cha ngozi mgongoni mwao, tunalifahamu neno hilo pasipo mfasiri.

Ni kwa nini mambo haya si mchezo, ingawa yana alama, na washindi, na zawadi? Kwa sababu ule uhuru umeondolewa. Mchezaji wa kisolo akishindwa, anacheka na kupanga mbegu upya. Mfua nguo akishindwa, anaogopa kufukuzwa. Mchezo ambao ndani yake mtu anaweza kupoteza mkate wa watoto wake si mchezo. Ni kazi iliyovikwa nguo ya sikukuu, na mbaya zaidi, inamfanya mwenzako awe adui yako. Mtu wa kukutegemezea paa anakuwa mtu wa kukupita kwa alama.

Kuna na namna ndogo ndogo za kuuharibu mchezo, ambazo tunaziona karibu yetu. Kuna mchezo wa lazima baada ya saa za kazi, pasipo malipo, wakati mama wa watoto anapaswa kurudi nyumbani kupika, na baba mwenye mgonjwa anapaswa kwenda hospitali. Wasipokaa, inaandikwa kwamba hawana moyo wa umoja. Lakini saa zile ni za nani? Ni za nyumba zao. Kuna na mzaha wa kumchagua mtu mmoja, labda mnene, labda mwenye kigugumizi, labda mgeni, na kumfanya kichekesho cha wote. Wazee wanasema: mzaha mzaha hutumbua usaha. Utani mzuri unakwenda na kurudi. Mimi nakucheka wewe, na wewe unanicheka mimi. Ukienda upande mmoja tu, ni dharau.

Kiwanja cha mwaka 1941

Tumefika sasa kwenye fundo lenyewe la swali letu, nalo tutalitazama katika historia ya mji wetu.

Kompani kubwa ya shaba, Union Minière du Haut-Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliona baada ya miaka ishirini hivi kwamba inafaa wafanyakazi wakae kambini pamoja na wake zao na watoto wao kuliko kuletwa na kurudishwa kila mara. Basi ikawapa nyumba, na posho, na hospitali, na shule, na viwanja vya michezo. Mambo hayo yalikuwa ya kweli. Wazee wengi waliyasifu, na hatutaki kuyaficha. Lakini kompani ilijifanya baba, na wafanyakazi ikawaweka kuwa watoto. Mtoto anapewa, mtoto haulizi. Sendika ya wafanyakazi weusi haikuruhusiwa.

Ikaja vita kubwa. Shaba ilitakiwa kwa wingi, kazi ikazidi, bei za vitu zikapanda, na mshahara haukuzifuata. Katika Desemba 1941 wafanyakazi waliacha kazi, wakitaka mshahara uongezwe. Tarehe 9 Desemba, mjini Elisabethville, walikusanyika katika kiwanja cha mpira. Gavana wa jimbo akaja na askari. Msemaji wa wafanyakazi, Léonard Mpoyi, akapigwa risasi, na askari wakaelekeza bunduki kwenye kundi. Watu makumi walikufa katika kiwanja kile.

Tunawaomba wasomaji watulie kidogo mbele ya jambo hilo. Kiwanja ni mahali pa michezo. Pale watu walikuwa wamefundishwa kwamba kuna sheria moja kwa wote, kwamba kila mmoja ana nafasi yake, kwamba anayeona kosa anaweza kumwita mwamuzi. Kisha siku moja wakasimama pale pale kuuliza haki yao, nao wakaambiwa kwa risasi kwamba sheria ile ilikuwa ya mpira tu.

Hatusemi kwamba waliowapa watu mpira walikuwa wanafiki wote. Wako Mapadri na walimu na wakubwa waliofanya hivyo kwa moyo safi, na matunda ya kazi yao tunayaona hata leo. Lakini tunasema hivi: mchezo unawapa watu, kwa saa moja, yale ambayo kazi inapaswa kuwapa kila siku, yaani sheria isiyopendelea, nafasi ya kila mtu, na neno lisiloogopa. Kama kazi inakubali kuyatoa, mchezo unayatia nguvu, na watu wanashikamana kweli. Kama kazi inayakataa, mchezo unawaonyesha wazi zaidi wanachokosa. Hakuna mpira unaoweza kulipa deni la mshahara.

Baba Mtakatifu Leo wa 13, katika barua yake kwa Eklezia nzima mwaka 1891, alifundisha kwamba mshahara wa haki ni deni, wala si sadaka, na kwamba mapatano ya mkubwa na mfanyakazi yana sheria juu yake inayoyapita. Basi anayechelewesha mishahara miezi mitatu, kisha analeta jezi mpya na vinywaji kwa siku ya michezo, ametoa zawadi kwa mali ya wenyewe. Jezi zile amezinunua kwa franka za wale wanaozivaa.

Lakini mshahara peke yake je?

Hapa mtu mwenye akili atatupinga. Atasema: Kama ni hivyo, tuache michezo, tudai mshahara, na inatosha. Kompani na itulipe vizuri, nasi tutacheza kwetu na watoto wetu.

Neno lake lina uzito, lakini halitoshi. Tunajua mahali ambapo mishahara inalipwa kwa siku yake, na bado watu wanachukiana. Mmoja akianguka, mwenzake anafurahi kwa sababu kiti kimebaki wazi. Mtu hafanyi kazi kwa mikono tu. Anapeleka kazini roho yake, saa nyingi za kila siku, karibu miaka yote ya nguvu zake. Kama hapo hana hata mmoja anayeweza kucheka naye, amelipwa, lakini hakukaa na watu. Haki ni msingi wa nyumba. Pasipo msingi nyumba inaanguka. Lakini hakuna mtu anayelala juu ya msingi mtupu.

Na je, pale ambapo haki haijatimia bado, tukatae kucheza? Sisi hatufikiri hivyo. Vijana wa Luanshya hawakungoja mambo yote ya mgodi yanyoke ndipo wacheze kalela. Mchezo ni mali ya wachezaji kabla haujawa mali ya kompani. Tucheze, lakini tusiuze sauti yetu kwa mchezo. Mtu anaweza kufunga bao pamoja na kapita wake jioni, na asubuhi akamwambia kwa heshima: Baba, saa zetu za ziada hazikuandikwa. Kama kapita ni mtu wa haki, atasikia vizuri zaidi kwa sababu ya ule mpira wa jana. Akikasirika na kusema: Jana nimecheza nanyi, leo mnanidai? basi tumejua kwamba jana hakuja kucheza, alikuja kununua.

Basi tufanye nini?

Kwenu ninyi mnaowaongoza wengine, hata kama ni watu watano tu katika karakana, tunasema haya. Kwanza lipeni deni, kisha leteni mpira. Kama kompani ni maskini kweli, waambieni watu ukweli juu ya fedha. Mpira unaoletwa pamoja na ukweli haumdanganyi mtu. Waacheni watu wachague mchezo wao, na wasiotaka wasiandikwe popote. Wekeni michezo ndani ya saa za kazi, ao mwulizeni kila mmoja kama nyumba yake inamruhusu kukaa. Kumbukeni wanawake, na wazee, na wale waliovunjwa miguu na kazi yenyewe. Kisolo, na hadithi, na nyimbo, ni michezo vilevile. Na mkicheza ninyi wenyewe, kubalini kushindwa. Mkubwa ambaye watu wanamwachia bao kwa kuogopa, huyo hajacheza bado.

Kwenu ninyi wafanyakazi wenzetu: msiidharau furaha. Msiwe wale wanaosusa kila kitu na kuona hila kila mahali, hata mahali palipo na moyo mwema. Chezeni kwa haki, bila kudanganya mwamuzi, bila kumwumiza mwenzenu, bila kupeleka mshahara wa mwezi katika mchezo wa kamari, ambao umevunja nyumba nyingi kuliko mvua. Wavuteni ndani ya mchezo wale wanaokaa peke yao: mgeni aliyefika juzi, mjane anayefagia, kijana asiyejua lugha yenu. Tena, yale mnayoyadai kwa mwamuzi siku ya Dominika, yafanyeni ninyi wenyewe siku ya kazi. Haifai kulia kwa kosa moja la mpira na kunyamaza wakati mwenzako anapokatwa mshahara bila sababu.

Tumeuliza mwanzoni kama mchezo mahali pa kazi ni zawadi ao ni chambo. Hatuwezi kujibu kwa kuutazama mpira wenyewe, kwa maana mpira ni ule ule. Tutazame siku inayofuata mchezo. Kesho yake asubuhi, je, yule mfagiaji aliyepuliza filimbi anaweza bado kumwambia direkta kwamba amekosa? Akiweza, zawadi ni ya kweli, na mahali pale patakuwa na nguvu. Asipoweza, arudishe filimbi, na sote tuanze kwanza kuitafuta sheria iliyopotea.